Elfu tisini yangu haiendi kwenye valvu

Bumu limeingia Alhamisi, meseji za benki zikaanza kulia lekcha katikati, na kama kawaida pesa ya mwanafunzi haimalizi siku tatu bila kupata mtu wa kuipangia matumizi. Safari hii aliyeipangia ni kaka mmoja tunayekaa naye geto hapa Changanyikeni. Tuko watano. Kaka anasema kila mtu atoe elfu 90, ipatikane laki nne na nusu, tuagize priampu ya valvu kwa ajili ya muziki wa sebuleni. Wawili wameshakubali. Mmoja anasema yeye atafuata wengi. Mimi nimekataa, na kwa kuwa juzi nilikatizwa mara tatu kabla sijamaliza sentensi moja (kaka anasoma sheria mwaka wa nne, hashindwi mabishano hata akiwa hana kesi), nayaandika hapa ambapo hakuna wa kunikatiza. Kaka, najua huwa unapita humu. Heshima yako iko palepale, ila hoja zako leo nazichana.

Kwanza tuelewane tunabishania nini, maana kuna mtu kachangia mada nusu saa nzima halafu mwisho akauliza, "kwani priampu ndo ile ya kuongeza besi?" Hapana, mshkaji wangu. Priampu ni kisanduku kinachokaa kati ya chanzo cha muziki (simu, kompyuta, deki ya CD, mashine ya santuri) na amplifaya yenye nguvu inayosukuma spika. Kazi zake tatu: unachagua chanzo, unapandisha na kushusha volyumu, na inakuza mawimbi dhaifu yafike kiwango ambacho amplifaya inakitaka. Basi. Hakuna muujiza mle ndani.

Sasa hiyo kazi ya tatu ndiyo yenye utata wote. Enzi za santuri, sindano ya kawaida ilikuwa inatoa kama milivolti 5, na amplifaya ili ifike kwenye nguvu zake zote inataka volti 1 hivi. Piga hesabu, ni kukuza mara 200. Juu ya hapo, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na trebo ikiwa imeongezwa kwa mchirizi uliokubaliwa na wenye viwanda vya Marekani mwaka 1954, kwa hiyo lazima kuwe na sakiti ya kurudisha kila kitu mahali pake. Bila priampu usingesikia kitu cha maana. Ilikuwa lazima, kama mafiga na chungu.

Halafu mwaka 1982 zikaja CD. Deki ya CD inatoa volti 2 hivi, peke yake, bila kusaidiwa na mtu. Volti 2 kwa amplifaya inayotaka 1! Na vile vidude vya kisasa vya kuchomeka kwenye kompyuta vingi viko hapo hapo. Simu iko chini kidogo lakini siyo dhaifu kama sindano. Maana yake leo hii ukiwa na chanzo cha kisasa huna cha kukuza. Unapogusa nobu ya volyumu, asilimia kubwa ya muda unapunguza. Ukichukua valvu aina ya ECC82, ambayo kwenye sakiti ya kawaida inakuza kama mara 15, volti 2 zako zinataka kuwa 30. Amplifaya ilitaka 1. Matokeo yake nobu nzima ina kazi kwenye kipande kidogo cha mwanzo tu: ukigusa, kimya, ukigusa tena kidogo, mama mwenye nyumba anagonga dirisha. Na ECC83 ambayo kila muuzaji anaisifia ndo balaa zaidi, inakuza mara 50 na kuendelea. Ile ilikuwa valvu ya sindano na magitaa. Kuiweka mbele ya deki ya CD ni kumpigia kelele mtu aliyekaa pembeni yako.

Lakini ngoja, kuna kubwa zaidi ya hilo. AMPLIFAYA YETU INA PRIAMPU TAYARI. Ile ya mtumba tuliyonunua mwaka jana, mbele ina nobu ya kuchagua imeandikwa PHONO, CD, AUX, TAPE, na ina volyumu na besi na trebo. Hiyo ndiyo priampu, iko ndani ya boksi moja na amplifaya. Kuna amplifaya zinazokuruhusu kuzitenganisha, nyuma zina vijiti viwili vya chuma vimepinda kama herufi U, unavichomoa halafu unaingiza priampu yako ya nje. Yetu haina. Nimeigeuza, nimewasha tochi ya simu, haina. Kwa hiyo priampu ya kaka itachomekwa AUX, halafu itapita tena kwenye priampu ya ndani, ndipo ifike kwenye nguvu. Ni sawa na kuvaa kofia juu ya kofia kisha kujisifia kwamba jua halikuchomi.

Kaka akasema: sawa, lakini valvu zinaleta JOTO. Hapa ndipo sebule nzima ilipoitikia kama wako kwaya. Joto. Eti transista zina baridi, valvu zina joto. Mimi nasoma umeme mwaka wa tatu na hilo joto nimelifuatilia, na nawaambia lipo. Sikatai. Lakini linatoka wapi?

Sehemu ya kwanza: valvu yenye gridi moja, ikisukumwa sana, inaongeza kwenye muziki harmoniki ya pili. Ukipiga noti ya hezi 440 inakuongezea kidogo cha 880, ambayo ni noti ileile oktavu moja juu. Sikio linapenda, sauti inakuwa kama imenona. Ni kiungo, kama iliki kwenye chai. Sasa priampu inashughulika na volti 1 au 2 tu, na valvu iliyotengenezewa sakiti nzuri yenye volti 250 kwenye anodi haitoki jasho kwa mzigo huo. Kiungo chenyewe kinakuwa kidogo mno, huwezi kukisikia. Yaani priampu ya valvu ILIYOTENGENEZWA VIZURI haina sauti ya valvu! Inapitisha muziki kama ulivyo, sawa na nzuri ya transista. Ukisikia joto jingi kutoka kwenye priampu, ama fundi aliamua kuharibu kwa makusudi, ama hakujua anachofanya.

Na hiyo ya kutojua ndiyo sehemu ya pili. Valvu ya ECC83 ina ukinzani wake wa ndani wa omu 62,000 hivi. Ukiipa ukinzani wa omu 100,000 kwenye anodi na ukatoa sauti palepale anodini, ukinzani wa kutoka unakuwa kama omu 38,000. Huo ni mkubwa sana. Amplifaya nyingi za transista zina ukinzani wa kuingia wa kati ya omu 10,000 na 47,000. Kwenye ile ya 10,000, inayofika ni moja ya tano tu ya sauti yako, nyingine inabaki njiani. Ukiwa na amplifaya ya valvu yenye kuingia kwa omu 470,000 utasema umepona, lakini weka waya wa mita 5. Waya wa kawaida una pikofaradi 100 hivi kila mita. Hesabu inakupa kwamba kwenye hezi 9,000 trebo imeshashuka desibeli 3. Matoazi yamefifia, herufi "s" za mwimbaji zimelainika. Na mtu amekaa kwenye kochi anafumba macho: "Unasikia joto hilo?" Bana, hilo joto ni trebo iliyokufa kwenye waya. Nobu ya trebo ya amplifaya yetu ingekufanyia hivyohivyo bure, na ukichoka unairudisha.

Kaka ana hoja nyingine ambayo kwa kweli ni nzuri zaidi ya zote, nayo ni ya historia. Anasema muziki wa zamani ulirekodiwa kwa valvu, kwa hiyo utasikika sawasawa ukipigwa kwa valvu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, transista ilikuwa haijazaliwa, itakuja kuonekana Desemba 1947. Bendi za dansi za miaka ya 50 nazo hivyohivyo. Kweli tupu. Lakini kama sauti ya valvu imeshaingia kwenye rekodi, imo. Iko pale, imepigwa chapa. Mchuzi ulioungwa na mpishi hauuungi tena mezani kwa sababu tu ulipikwa na viungo. Ukitaka kumsikia Siti alivyosikika siku ile, unahitaji kifaa kisichoongeza neno lake.

Na kabla mtu hajaniambia "masikio yako mabovu", nitawapa kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1985 mtengenezaji mmoja Mmarekani, Bob Carver, aliwaambia jarida la Stereophile kwamba anaweza kuifanya amplifaya yake ya transista isikike sawa na yoyote watakayomletea. Wakampa ya valvu, ya bei ya kutisha. Akakaa nayo kama siku mbili, anapima, anarekebisha ya kwake, anapima tena. Mwisho wahariri wenyewe, watu ambao kazi yao ni kusikiliza, wakakiri kwamba hawawezi kuzitofautisha. Zilikuwa amplifaya za nguvu, siyo priampu, lakini kwenye amplifaya za nguvu ndiko valvu inakojidhihirisha zaidi. Kama huko ilishindikana kutofautisha, kwenye priampu je?

Sasa tuje kwenye hicho kifaa chenyewe alichotuonyesha kwenye simu. Kisanduku cheusi kidogo, valvu mbili zimechomoza juu, zinawaka rangi ya chungwa kama mkaa unaopulizwa. Kizuri kutazama, sibishi. Valvu zake ni 6J1, pentodi ndogo ya Kichina, jamaa wa karibu wa 6AK5 ya Marekani ambayo ilikuwa inafanya kazi za rada na redio tangu Vita Kuu ya Pili. Kwenye karatasi ya vipimo valvu hiyo inatajiwa volti 120 kwenye anodi. Kisanduku kinatumia adapta ya volti 12. Wanaiongeza kidogo ndani mpaka 30 hivi, na ndiyo hiyo. Valvu inafanya kazi ikiwa na njaa. Na ule mwanga? Moto halisi wa valvu ndogo ni mwekundu hafifu, unauona vizuri taa zikizimwa. Rangi ya chungwa inayong'aa mchana kweupe ni LED, wameibandika chini ya soketi ya valvu. Ukivuta picha uione vizuri utaona mwanga unatoka chini. Yaani tunaombwa laki nne na nusu, na kinachong'aa ni taa ileile ya kwenye bajaji!

Halafu kuna jambo ambalo silichekei. Mmoja wetu alisema tuache hicho kidogo, tutafute ya mtumba ya ukweli kutoka Japani au Marekani. Hizo za ukweli zina volti 250 mpaka 300 za mkondo mnyoofu, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata ukishachomoa plagi. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Sisi tuna 230. Ukiichomeka hivihivi unasikia "tap", halafu harufu. Na soketi za geto tunazijua. Ekstensheni yetu haina waya wa ethi, na kuna watu humu ndani (nawatazama) wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie. Kisanduku cha chuma chenye volti 300 ndani, bila ethi, sebule yenye sakafu ya saruji na watu wanatoka kuoga miguu mibichi. Hapana. Kwa hilo hata mkinipa priampu ya bure nagoma.

Na umeme wetu wa kukatika je? Priampu ya valvu ikiwa inapata moto, kapasita zake za kutoka zinajaa, na mtikiso huo unatoka nje kama kishindo. Ndiyo maana sheria yake ni kuwasha priampu kwanza, usubiri kama dakika moja, ndipo uwashe amplifaya. Kuzima ni kinyume chake, amplifaya kwanza. Sasa umeme ukikatika saa tatu usiku na kurudi saa tano wote tumelala, nani atafuata utaratibu? Vyote vinawaka kwa pamoja na kishindo kinaenda moja kwa moja kwenye spika. Zilizo nzuri zina swichi ndani inayofunga sauti mpaka valvu zipate moto. Kisanduku cha kwenye picha sijaona kinaitaja.

Msinielewe vibaya lakini. Sina chuki na valvu. Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904, de Forest akaongeza gridi miaka miwili baadaye, na dunia nzima ya redio ikatoka hapo. Mpiga gita ambaye anataka ampu yake ilie na kukwaruza, huyo valvu ni sehemu ya ala yake, mwacheni. Na mtu mwenye mashine ya santuri, amplifaya ya nguvu isiyo na volyumu, na pesa ambayo siyo ya kula, anaruhusiwa kununua priampu ya valvu na nitakwenda kumtembelea na soda yangu. Ila achague kwa akili. Aulize ukinzani wa kutoka, na kama muuzaji hajui au anaanza habari za joto, aondoke. Chini ya omu 1,000 ni salama. Ukuzaji uwe mdogo. Aangalie kapasita ya kutoka, maana ya mikrofaradi 0.47 ikikutana na amplifaya ya omu 10,000 inaanza kula besi kwenye hezi 30 na kitu, wakati ya 2.2 inakupeleka mpaka 7. Transfoma iwe imeandikwa 230, boksi limefungwa, ethi ipo. Asiiweke juu ya spika, kwa sababu valvu ni kama maikrofoni, ukiigonga kwa kucha unasikia "ting" kwenye muziki, na ikitikiswa na besi inaweza kuanza kupiga mluzi.

Na achague kifaa kinachotumia valvu ambazo bado zinatengenezwa. Hii ya mwisho wengi hawaifikirii. Viwanda vilivyobaki unaweza kuvihesabu kwa vidole: Saratov kule Urusi, JJ ya Slovakia, vichache vya China. Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kutoka nje ya nchi, valvu za Saratov zikakwama na bei zikaruka dunia nzima. Valvu ndogo inadumu maelfu ya saa, siyo milele, siku moja utaitafuta. Ukienda kwenye za zamani zilizohifadhiwa, huko ndiko wezi waliko, wanafuta chapa na kupiga nyingine. Telefunken ya kweli ya ECC83 ina alama ya almasi kwenye kioo chenyewe, chini, katikati ya miguu. Maandishi ya ubavuni yanafutika kwa kidole, almasi ile haifutiki.

Sasa mtasema nakataa tu bila kuleta kitu. Naleta. Spika yetu ya kushoto inakwaruza, na kila mtu anajifanya hasikii. Nimefungua kitambaa cha mbele: ile foam inayozunguka koni imeoza, ukiigusa inabaki kwenye kidole kama keki. Hali ya hewa ya Dar inazimaliza hizo. Hakuna valvu duniani itakayoponya spika iliyochanika, itaikuza michaniko tu. Fundi niliyemuuliza Kariakoo anataka elfu 60, foam zote mbili na kazi. Kusafisha nobu ya volyumu ya amplifaya inayokatakata, elfu 10. Ekstensheni yenye ethi ya kweli na fyuzi, elfu 25. Jumla elfu 95, tukigawana watano ni elfu 19 kila mtu, siyo 90.

Iliyobaki haina bei. Spika zitoke ndani ya kabati, zikae urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, mbali kidogo na kona, maana kona ndiyo inayofanya besi ivume kama lori. Ule mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango utandikwe mbele yake, na dirishani tuweke pazia zito, kwa sababu ukuta mtupu na sakafu tupu vinarudisha trebo mpaka maneno hayasikiki.

Spika ya kushoto nimeshaichomoa, iko karibu na mlango. Jumatatu nina testi saa mbili asubuhi, nikitoka naipeleka Kariakoo. Anayetaka kuchangia elfu 19 yake aniletee kabla ya hapo, na kaka yangu wa sheria akitaka kukata rufaa, anikute maktaba.